Tanbihi ya Kumi na Nne

Kazi yangu ilikuwa mkato na nukta.
Washington, ghorofa ya nne, baridi ya Januari,
bomba la joto likigonga ukutani kama mtu aliyesahauliwa ndani,
nami nikihakiki tanbihi za Bwana Kessling:
mwaka wa kesi, nambari ya ukurasa,
herufi zilizolala zisimame, zilizosimama zilale.

Alikuwa mpole. Semeni mtakalo, alikuwa mpole.
Alimenya machenza juu ya gazeti akanigawia,
akaniuliza hali ya goti langu,
kisha akairudia karatasi yake:
"Verna, neno 'makali' lina kilo ngapi?"

Swali lilikuwa limeshuka kutoka juu, ndani ya bahasha ya kaki.
Mtu aweza kusimamishwa saa ngapi
kabla kusimama hakujapata jina jingine?
Kitambaa usoni, juu ya kitambaa maji,
juu ya maji mkono wa mtumishi wa umma:
hiyo ni nini, kisheria?
Hawakuuliza kama inafaa.
Waliuliza iandikweje.

Bwana Kessling akafungua kamusi ya kawaida,
ile wanayotunukiwa watoto wakimaliza shule.
Haikutosha. Akazamia sheria ya zamani
ya fidia kwa wachimba makaa,
akakuta humo maumivu yamekwisha pimwa:
kidole, bei yake; mkono, bei yake.
Akakibeba kipimo kutoka mgodini hadi selo.
"Maumivu," akaandika, "hayawi makali
mpaka yaache pengo."

Niliweka mkato baada ya "makali",
nikautoa,
nikaurudisha.

Kifungu kikazaa kifungu,
kifungu kikatafuta kifungo,
hoja ikamwoza bintiye kwa mahojiano,
na ufunguo, katika kurasa hamsini,
haukutajwa hata mara moja.

Jumanne moja alikuja ameshika shavu.
Gego. Chini, kushoto.
Chai ilimshinda. Aliketi, akainuka, akaketi,
macho yakamlenga machozi mbele yangu na mbele ya tarishi.
"Siwezi," alisema. "Verna, siwezi."
Saa nne na robo akaondoka kwenda kuling'oa
na hakuna aliyedai athibitishe,
hakuna aliyemwambia: subiri kwanza, tuone kama litaacha pengo.

Rasimu ilibaki wazi mezani.
Tanbihi ya kumi na nne:
*Kilio cha mhojiwa si ushahidi wa maumivu.
Hulia pia mwenye hofu, mwenye hila, na mwenye mafua.*
Niliisoma mara mbili.
Alikuwa ameandika "mafuwa".
Nikasahihisha.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.
Sisi tuliijua bila kufa;
tulikuwa nayo kwenye jedwali, safu ya tatu.

Miaka tisa ikapita ndipo karatasi zikatolewa hadharani,
mistari mingi imepakwa wino mweusi,
kurasa kama madirisha ya nyumba yenye msiba.
Mahali pamoja mpakaji aliteleza:
*Zmaray, muuza betri za redio, Khost.
Amesimama saa arobaini na moja. Ndani ya kiwango.*

Kiwango nilikijua. Kilikuwa saa arobaini na nane.
Bwana Kessling alikiandika kwa tarakimu,
mimi nikakigeuza kuwa maneno,
kwa sababu mwongozo wetu wa uhariri ulitaka hivyo,
na kwa maneno, nakumbuka,
kilionekana kirefu zaidi ukurasani,
na hilo nalo halikunizuia.

Usiku ule nilisimama jikoni
mikono juu, kama ilivyoelezwa,
saa ya kuchemshia mayai ikihesabu karibu na jiko.
Nje, jirani alikuwa akikwangua theluji kwenye gari lake.
Goti lilinivumilia saa moja na dakika kumi.

Kisha nikavuta kiti.
Kiti kilikuwepo.
Nikakaa.